Konokono wa Tanganyika ni mashahidi wetu



Leo nitasema juu ya konokono. Musicheke kwanza.

Kule nchi za Ghuba, mitambo inatoa chumvi kwenye maji ya bahari ili watu wapate ya kunywa. Maji yanayobaki, yenye chumvi kali, yanarudishwa baharini. Kujua kama yanaharibu, wataalamu hawapimi maji tu. Wanaangalia pia nani bado anaishi pale chini: minyoo, konokono, majani ya bahari. Maji uliyochota yanakuambia hali ya leo. Kiumbe asiyeweza kukimbia anakuambia hali ya miezi mingi.

Sisi Uvira shida si chumvi, ni udongo. Milima yetu imekatwa miti. Mvua ikinyesha, Mulongwe na Kalimabenge zinashusha matope. Aprili 2020 tuliona vile Mulongwe ilibeba nyumba na watu. Lakini matope hayaishii barabarani. Yanafunika mawe ya ziwa, na ni juu ya yale mawe konokono na samaki wengi wanakula ute wa kijani. Mwaka 1993, Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba kaskazini mwa ziwa hili, penye udongo mwingi, aina za ostrakodi, vile viumbe vidogo vyenye gamba, zilikuwa chache sana kuliko penye udongo kidogo. Na viumbe wengi wa Tanganyika hawapatikani pengine duniani.

Basi tunataka mambo mawili.

Kwanza, viongozi wa mji: kabla ya kuruhusu kazi kubwa kando ya ziwa au mtoni, viumbe vihesabiwe, na vihesabiwe tena kila mwaka, matokeo yasomwe mbele ya raia. Nchi yetu ilisaini Mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003. Sahihi ni deni.

Pili, sisi vijana: kituo cha utafiti CRH kiko hapa hapa mjini. Twende tujifunze, kisha tuhesabu Kalundu, Kavimvira na mdomo wa Mulongwe. Mahali pale pale, majira yale yale.

Ila tusidanganyane: konokono haonyeshi kolera. Maji ya kunywa tuendelee kuyachemsha.

Wamezoea kusema vijana tunapiga kelele. Safari hii tufike na hesabu mkononi.