Shukrani kwa Aliyeachia Kiti



Tumepewa heshima ya kusema kwa niaba ya mawakili wanaojitolea katika shirika hili. Tumekutana kumshukuru Mama, aliyetuongoza tangu miaka ya tisini, na ambaye sasa anaiacha kazi ya Mkurugenzi Mtendaji ili awe mshauri wetu. Hatumpi mkono wa buriani, kwa kuwa haendi mbali. Twamshukuru kwa mambo mawili: kazi aliyoifanya, na namna anavyoiacha.

Vijana walio hapa hawana budi kukumbushwa hali ilivyokuwa. Mwaka 1982 Bunge lilitia katika Katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee nchini. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na mwaka huo huo wapiga kura wakapangwa mlolongo hadharani, mbele ya macho ya machifu. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini sheria kandamizi hazikufutika pamoja nacho. Hadi mabadiliko ya mwaka 1997, wananchi waliotaka kufanya mkutano wa hadhara walihitaji leseni ya serikali. Baada ya hapo ndipo ikawa yatosha kuwapa polisi taarifa.

Katika mazingira hayo Mama alifundisha watu haki zao makanisani, misikitini na sokoni, kwa lugha waliyoielewa. Na palipotokea kamatakamata, alikuwa na daftari lake. Aliandika jina la aliyeshikwa, mahali, kituo cha polisi na saa. Wengi walimwona kama karani tu. Sisi mawakili tulijua thamani ya saa ile. Katiba ya wakati huo ilisema kwamba mshukiwa wa kosa la kawaida asipofikishwa kortini katika saa 24, mzigo wa kueleza kuchelewa huko unamwangukia anayemzuilia. Lakini saa 24 zahesabiwa tangu lini, ikiwa hapana aliyeandika? Polisi walikuwa na kitabu chao, na Mama alikuwa na daftari lake. Mara nyingi tuliingia mahakamani tukiwa na daftari hilo peke yake, nalo likatutosha kuuliza swali ambalo serikali haikupenda kuulizwa. Kwa kazi hiyo, Mama, twasema asante.

Sasa tulitaje jambo la pili, ambalo ni adimu zaidi katika nchi yetu.

Wapenda mageuzi tuliwaambia watawala kwamba hapana mtu aliyezaliwa na kiti. Tulidai kikomo cha uongozi, na mwaka 1992 Katiba ikarekebishwa ili rais asizidi vipindi viwili vya miaka mitano. Mwaka 2002 Rais Moi aliondoka Ikulu baada ya miaka 24, na Katiba ya mwaka 2010 ikakithibitisha kikomo hicho. Huo ni ushindi wetu sote.

Lakini nyani haoni kundule. Mwaka 1992 huo huo, chama cha FORD, kilichobeba matumaini ya umma, kilipasuka kwa sababu ya swali moja: nani awe mgombea? Ikazaliwa FORD-Kenya, ikazaliwa FORD-Asili, na Desemba KANU ikarudi madarakani kwa kura za rais zisizofika asilimia 40. Walio wengi waliipigia kura mageuzi, lakini viti viliwagawanya viongozi wao. Na katika mashirika yetu yasiyo ya serikali, ni mara ngapi tumeandika taarifa kali kuhusu marais wasiotaka kuondoka, ilhali taarifa hiyo imetiwa sahihi na mkurugenzi ambaye hajui tena ni mwaka gani aliketi pale?

Mama hakungoja kusukumwa. Ndiye aliyeiomba Halmashauri itangaze kazi, iwahoji watu na kumchagua mwingine. Ameukabidhi muhuri, funguo na vitabu vya hesabu. Tena aliomba mipaka ya ushauri wake iandikwe: asitie sahihi hundi, asiajiri wala kufuta mtu kazi, asipige kura katika Halmashauri. Atasema anapoulizwa, na anapoona hatari atasema hata asipoulizwa. Zaidi ya hapo, uamuzi si wake.

Mipaka hiyo si ya kumdunisha. Majirani zetu Watanzania walilijua jambo hili. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985, lakini akabaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, na katika miaka hiyo mitano wengi walijiuliza kiti kikubwa ni kipi. Lakini ni yeye pia aliyefungua mjadala wa vyama vingi mwaka 1990. Tume ya Jaji Nyalali ilipokuta kwamba asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja, na bado ikapendekeza vyama vingi, Mwalimu aliunga mkono mageuzi. Neno lake lilikuwa zito kwa sababu watu waliona kwamba hatafuti kitu tena. Uzito huo ndio tunaoutaka kwa mshauri.

Basi deni letu ni lipi? Ni kutomrudisha Mama kitini kwa mlango wa nyuma. Mkurugenzi mpya atakapotoa uamuzi usiotupendeza, tusipite kando ya afisi yake kwenda kubisha nyumbani kwa Mama. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nawe, Mkurugenzi wetu mpya, usione haya kumwuliza Mama. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka 2013, na ikaanza kutumika Mei 2024 tu, kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 1990. Katika miaka hiyo yote 11 ya kungoja, Mama alikuwa akidai. Anazikumbuka ahadi zilizotolewa na visingizio vilivyofuata. Kumbukumbu hiyo haipatikani katika faili.

Wala tusidhani kwamba kazi imekwisha. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wako waliochukuliwa na watu wasiojitambulisha, na wazazi wakazunguka kutoka kituo hadi kituo wakiwatafuta. Katiba ya sasa nayo yasema saa 24. Saa hizo bado zahitaji mtu wa kuziandika.

Mama, daftari umelikabidhi. Twakuomba ukae karibu, uwafundishe vijana hawa namna ya kuliandika, na uwaache waliandike kwa mkono wao.