Maneno ya Wasanifu wa Barabara kwa Akina Mama wa Kikundi



Mmetuomba tueleze kazi ya kusanifu barabara, ambayo tuliifanya serikalini hapa Tanzania mpaka tukastaafu. Watu wengi wakisikia mhandisi wa barabara huwaza greda na lami. La, akina mama! Greda huja mwishoni. Sisi tulianza kwa miguu, tukipita mashambani na wapimaji, tunaandika kila korongo na kila kichuguu. Mstari ulichorwa baadaye, mezani.

Adui mkubwa wa barabara ni maji. Barabara ya lami ukiitazama utadhani imelala bapa, kumbe katikati imeinuka, na kila mita moja kuelekea pembeni inashuka kama sentimita 2.5, ili maji yakimbilie mtaroni. Maji yakizama chini ya lami, basi tena, malori yatamalizia.

Kuna mahali, jina lake tunaliacha, tulifika wakati wa kiangazi. Bonde kavu kabisa, mbuzi wamelala humo. Mama mmoja aliyekuwa akilima pale akatuambia, "Wanangu, maji hapa hufika kwenye ule mwembe." Tukautazama ule mwembe, tukatabasamu. Kumbukumbu za mvua tulizokuwa nazo zilikuwa za miaka michache tu, na hesabu zetu zilisema mabomba mawili ya kalvati yanatosha. Tukachora mawili. Zikaja mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Maji yakapita juu ya barabara, tuta likakatika, malori yakalala pande zote mbili, na nyanya za watu zikaozea ndani ya matenga. Tuliporudi, yule mama hakutucheka. Alituuliza tu kama safari hii tumekuja na kamba ndefu. Jamani, tuliona aibu! Tukapima kuanzia kwenye mwembe, na kalvati kubwa la zege likajengwa. Tangu siku ile, kabla ya kufungua vitabu vyetu, tuliwauliza kwanza wachota maji.

La pili ni gumu kulisema mbele yenu. Mstari tunaouchora kwa penseli ndio unaokuja kuwa alama ya X kwenye mlango wa mtu. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 aliwekewa X nyekundu, hana fidia. Aliyekutwa na upanuzi aliwekewa ya kijani, na huyo ana haki ya kulipwa. Tuliwahi kupindisha mstari tukakwepa kisima cha kijiji. Safari nyingine tulishindwa, maana kona ingekuwa kali mno na basi lingepinduka. Palikuwa na nyumba ya mjane, ikavunjwa. Mpaka leo tukipita pale tunatazama upande wa pili.

Ndiyo maana tunaiomba Kamati ya Mikopo jambo moja. Mwanachama akija kuomba mkopo wa kujenga kibanda au fremu ya duka kando ya barabara kuu, msitosheke na wadhamini wake. Nendeni mkapime. Ni mita 30 kutoka katikati ya barabara, siyo kutoka ukingoni mwa mtaro. Wengi hukosea hapo hapo, na deni linabaki wakati kibanda kimekwisha kwenda. Kamba ya mita 50 tunayo, na siku za Jumamosi tupo nyumbani. Mkituita tutakuja.