Kuipima Skuli ya Msingi: Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi



Kila mwaka, unapokaribia wakati wa kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, suali moja huzunguka barazani, sokoni na maofisini: skuli ipi ni nzuri? Mtumishi aliyehamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba, au kutoka Chake Chake kwenda Micheweni, huuliza suali hilo kabla ya kuuliza kodi ya nyumba. Mzazi wa shamba huuliza iwapo amwache mtoto katika skuli ya kijijini au ampeleke mjini kwa jamaa. Suali lenyewe ni la haki. Lakini majibu yanayotolewa mara nyingi hutokana na uvumi, na uvumi una gharama zake. Mtoto mdogo hupandishwa daladala alfajiri na kurudi jua limeinama, kwa sababu tu skuli iliyo karibu na kwao imesemwa vibaya. Nayo skuli iliyokimbiwa na wazazi wenye sauti hubaki bila ya mtu wa kuisemea.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza vipimo ambavyo mwananchi wa kawaida anaweza kuvitumia ili aijue skuli ya msingi ya Serikali iliyo katika shehia yake, na afanye nini baada ya kuijua.

Ni vyema ikakumbukwa kwanza jambo hili lilikotoka. Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo na bila ya ubaguzi kwa watoto wote wa Unguja na Pemba. Katika miaka ile suali kubwa lilikuwa: mtoto amepata nafasi? Hivi sasa, baada ya skuli kuenea hadi katika visiwa vidogo, suali limebadilika. Linalopaswa kuulizwa ni kile ambacho mtoto anakipata ndani ya nafasi hiyo.

Vipo vipimo vitatu ambavyo hutumiwa sana, na vyote vitatu huweza kumpotosha mzazi.

Cha kwanza ni jengo. Katika miaka ya hivi karibuni zimejengwa skuli za ghorofa Unguja na Pemba, na wananchi wamezifurahia. Ni haki yao, kwani jengo lenye nafasi hupunguza msongamano na huiwezesha skuli kuacha mikondo miwili ya asubuhi na mchana. Hata hivyo jengo ni chombo, na chombo husifiwa kwa safari yake. Yapo madarasa yaliyoanzwa na wanakijiji wenyewe kwa kuchangia mawe, mchanga na nguvu zao hadi kwenye linta, kisha Serikali ikamalizia kuezeka, na ndani yake watoto wakasoma vyema. Yanaweza pia kuwepo madarasa yenye vigae vinavyong'ara, na mwalimu hayumo.

Cha pili ni jina. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo wafaa kwa bidhaa, lakini kwa skuli haufai sana. Jina la skuli huchelewa kubadilika. Mwalimu Mkuu hodari huhamishwa au hustaafu, na sifa alizozijenga hudumu miaka kadhaa baada ya kazi yenyewe kulegea. Kadhalika, skuli iliyoharibikiwa zamani huendelea kusemwa vibaya ilhali walimu wapya wamekwisha kuitengeneza. Anayemchagulia mwanawe kwa jina huenda akamchagulia skuli ya miaka kumi iliyopita.

Cha tatu ni asilimia ya waliofaulu mtihani. Kipimo hiki huonekana kuwa ni cha haki kwa sababu ni nambari, na kwa ajili hiyo ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Na tuchukue mfano wa skuli mbili za kubuni. Kila moja iliandikisha watoto 120 wa darasa la kwanza. Katika skuli ya kwanza, watoto 60 tu ndio waliofika kwenye mtihani wa darasa la sita, na 54 kati yao wakafaulu. Asilimia yake ni 90. Katika skuli ya pili walifika watoto 110, na waliofaulu ni 77. Asilimia yake ni 70. Barazani itasifiwa skuli ya kwanza. Lakini kwa kila watoto 100 walioanza, ile ya kwanza imewafikisha salama 45 tu, na ya pili imewafikisha 64. Kwa hiyo anayeuliza asilimia ya ufaulu hana budi aulize na suali la pili: walioanza wako wapi? Wapo waliohama na wazazi wao, na hao hawahesabiwi kuwa wamepotea. Lakini waliorudishwa darasa mara kwa mara hadi wakakata tamaa, au walioshauriwa wasifanye mtihani ili wasiiharibie skuli, hao ni sehemu ya matokeo ya skuli hiyo hata kama majina yao hayakubandikwa ukutani.

Lipo na jengine. Mwaka 1966, nchini Marekani, mtaalamu James Coleman na wenzake walitoa ripoti ya uchunguzi uliowahusu wanafunzi wapatao 600,000 katika skuli zipatazo 4,000. Jambo lililowashangaza wengi ni kuwa tofauti za alama za watoto zilifuatana na hali za nyumba walizotoka zaidi kuliko zilivyofuatana na majengo na vifaa vya skuli zao. Funzo lake linatufaa hata visiwani. Skuli ya mjini yenye watoto wa maofisa na wafanyabiashara, wenye vitabu na taa nyumbani, huanza safari ikiwa imekwishapandisha tanga. Skuli ya kijiji cha wavuvi huanza ikipiga makasia. Mwenye kupima kwa haki hatazami nani katangulia kufika tu, hutazama pia kila mmoja kasafiri masafa gani tokea alipoanzia.

Baada ya hayo, ni vipimo gani basi vinavyofaa? Vipo vitano, na havihitaji ujuzi wa kitaalamu.

Kwanza, kusoma. Mtoto wa darasa la tatu apewe aya fupi ya Kiswahili chepesi asiyoijua, aisome kwa sauti, kisha aulizwe imesema nini. Aya iwe ngeni kwake, kwani mtoto aliyezoea kuhifadhi huweza kuutoa ukurasa mzima wa kitabu chake cha skuli kwa kichwa, na mzazi akadhani anasoma. Mpango uitwao Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika Tanzania, Kenya na Uganda, ulitumia njia ya namna hii. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto herufi, maneno na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Walikwenda majumbani kwa makusudi, kwani mtoto asiyehudhuria skuli hapatikani skuli. Ilibainika kwamba wengi waliokuwa katika madarasa ya juu walikuwa hawawezi kuisoma hadithi hiyo. Watoto wale walikuwa wakipanda madarasa, na hapana aliyewauliza.

Kipimo hiki kina uzito wa pekee hapa Zanzibar. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na ikaelekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtaala umefanyiwa mageuzi tokea wakati huo, lakini funzo linabaki: mtoto asiyeimudu kusoma kwa lugha ya mama yake atakapokutana na lugha ya pili atakutana na kuta mbili kwa pamoja. Miaka ya mwanzo ndiyo msingi, na msingi ukipinda ukuta hauokolewi kwa rangi.

Pili, muda. Vipindi vya skuli ni vifupi, na kila dakika ina thamani yake. Iwapo skuli ina vipindi sita kwa siku, na kila kimoja kikachelewa kuanza kwa dakika kumi, saa moja nzima imepotea. Kwa siku tano ni saa tano, ambazo katika skuli yenye saa tano za masomo kwa siku ni sawa na siku kamili ya kazi. Hapo hapajatokea mgomo wala maradhi, ni ucheleweshaji mdogo mdogo tu. Mpita njia anaweza kulijua hili bila ya kuuliza: baada ya kengele, walimu wako wapi na watoto wako wapi?

Tatu, madaftari. Daftari la mtoto ni shahidi asiyesahau. Mzazi alifungue mwishoni mwa mwezi na aangalie tarehe: zinafuatana, au zimeruka wiki mbili? Aangalie masahihisho: mwalimu ameonesha kosa liko wapi, au ametia alama ya vema kila ukurasa, hata pale palipokosewa? Aangalie iwapo kazi ya leo inazidi ya mwezi uliopita. Ni kweli kwamba mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kusahihisha kila kitu kila siku, na hilo lazima lizingatiwe. Lakini daftari ambalo halijaguswa muhula mzima halina udhuru.

Nne, mahudhurio. Visiwa hivi vina misimu yake, na skuli nzuri huijua. Msimu wa karafuu unapofika, baadhi ya madarasa ya Pemba hupungua. Wakati wa bamvua, watoto wa pwani ya mashariki huonekana ufukweni kwenye mwani. Wavulana wa vijiji vya uvuvi hufuata dago pamoja na baba zao na kurejea baada ya majuma. Skuli dhaifu huandika "hayupo" na kuendelea. Skuli nzuri humtuma mtu nyumbani, humshirikisha Sheha, na mtoto akirejea humtafutia njia ya kufidia alichokikosa. Mzazi aulize: mwanafunzi akikosekana siku tatu, hufanywa nini? Jibu la suali hilo moja hueleza mengi.

Tano, mtoto wa mwisho. Kila skuli ina watoto wake wa kuoneshwa wageni. Anayetaka kuijua skuli amwangalie yule anayekaa nyuma: mtoto mzito wa kuelewa, mwenye ulemavu, au asiyesikia vizuri. Anaitwa kwa jina lake, au kwa kasoro yake? Anaulizwa masuali, au anaachwa asinzie? Vipo vyoo safi vyenye maji, na msichana mkubwa anaweza kuvitumia kwa heshima? Skuli inayomjali mtoto wake wa mwisho huwa haijamsahau wa mwanzo.

Ndugu wananchi, kupima si kulaumu. Mwalimu ana upande wake, na haki yake ni kusikilizwa. Darasa likiwa na watoto wengi kupita kiasi, au vitabu vikawa haba, mwalimu hawezi kubebeshwa peke yake mzigo usiokuwa wake. Kwa hiyo mzazi mwenye malalamiko asivamie darasa wala asimvunjie mwalimu heshima mbele ya wanafunzi. Utaratibu ni kuanza na mwalimu wa darasa, kisha Mwalimu Mkuu, kisha Kamati ya Skuli, na pale jambo lisipopatiwa ufumbuzi, Afisa Elimu wa Wilaya.

Kwa upande wa watumishi wa Serikali, kuna neno la kuongeza. Mtumishi mwenye gari na mshahara wa uhakika ndiye aliye mwepesi wa kumhamisha mwanawe. Anapofanya hivyo hamhamishi mtoto peke yake. Huondoka pia na kalamu inayoweza kuandika barua, na sauti inayoweza kusikika mkutanoni. Hapana sheria inayomlazimisha abaki, na kila mzazi ana wajibu kwa mtoto wake. Linaloombwa ni kuwa, kabla ya kuihama skuli ya shehia yake, aingie ndani yake japo mara moja, aifungue milango yake kwa vipimo hivi vitano, na ahudhurie japo mkutano mmoja wa wazazi. Huenda akakuta upungufu mmoja unaoweza kurekebishwa na watu watatu wenye nia.

Kwa kumalizia, wazazi na walezi wote wanaombwa kuyachukua masuali haya katika mikutano ya skuli zao: watoto wa darasa la tatu wangapi wanasoma na kufahamu? Vipindi vinaanza kwa wakati? Madaftari yanasahihishwa? Anayekosekana anafuatwa? Mtoto wa mwisho ana hali gani? Kamati za skuli zinaombwa kuyaandika majibu na kuyalinganisha na ya mwaka unaofuata, kwani skuli hupimwa vyema zaidi kwa kulinganishwa na ilivyokuwa jana. Usione vyaelea, vimeundwa: skuli nzuri ni kazi ya mikono ya waliokuwa wakiiangalia kwa karibu, na mtoto aliye darasa la kwanza mwaka huu hatapata darasa la kwanza jengine.