Mwanajeshi Akivua Gwanda, Ni Mkazi wa Kaunti

Mazungumzo kwa baraza za wananchi, Thika na Ruiru



Mada ya leo ni wanajeshi wastaafu, hasa wale waliokosa mahali pa kulala au walio karibu kukosa. Kwa eneo hili hayo si mambo ya mbali. Thika kuna kambi ya jeshi, na kambi ya Kahawa iko karibu na Githurai na Ruiru. Wapo wanaotumika huko miaka mingi, watoto wao wakasoma hapa, na siku ya kustaafu ikifika wakatafuta nyumba au ploti hapa hapa badala ya kurudi walikozaliwa.

Mwanajeshi akiwa kazini, jeshi humpa makao, sare, matibabu na ratiba ya kila siku. Akistaafu, vyote hivyo hukoma kwa pamoja. Askari wa cheo cha chini anaweza kuvua gwanda akiwa na miaka arobaini na kitu, watoto wakiwa bado shuleni. Siku hiyo haonekani kuwa na shida. Ana kiinua mgongo, ana heshima, na marafiki hawakosi. Shida huanza baadaye, pesa za mkupuo zikishapungua na kodi ya nyumba ikabaki pale pale.

Ndiyo maana serikali peke yake haiwezi kuiona mapema. Wizara ya Ulinzi iko Nairobi. Anayeona kwanza kwamba mzee wa nyumba namba 7 ameuza runinga yake, kisha kitanda, ni jirani. Anayejua kwamba kodi imechelewa miezi miwili ni mwenye nyumba. Anayejua kwamba mlevi wa asubuhi alikuwa fundi hodari wa magari jeshini ni mama muuza chai pale stejini. Msaada unaofika wakati huo huhitaji pesa kidogo na mazungumzo mengi. Ukifika baada ya mlango kufungwa kwa kufuli, kazi huwa kubwa mara kumi.

Jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi wazungu waliotoka vitani. Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo hawakuwekwa katika mpango huo. Kumbukumbu yao mojawapo ni jina la mtaa wa Kariokor jijini Nairobi. Vita vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Keya walirudi kutoka Burma, na wengi wao walikuta hali ni ile ile. Nchi iliyojitawala haina sababu ya kurudia kosa hilo kwa watu wake.

Wastaafu wa siku hizi wana mizigo yao. Tangu Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya wamekuwa Somalia. Nchi nzima inakumbuka shambulio la El Adde la tarehe 15 Januari 2016. Si kila aliyerudi amerudi na jeraha linaloonekana. Wengine hawalali. Wengine hushtuka gurudumu la matatu likipasuka, hugombana bure na wake zao, au hujifungia ndani siku nzima. Huo ni ugonjwa unaotokana na mshtuko mkubwa, nao unatibika. Haujaletwa na laana, na mgonjwa si mwoga wala si mkorofi.

Kwa hiyo kila mmoja ana sehemu yake.

Mwenye nyumba aanze kwa kuzungumza. Mstaafu anayesubiri karatasi za pensheni anaweza kuandikiana naye makubaliano ya kulipa deni kidogo kidogo mbele ya mzee wa mtaa. Pia sheria ipo. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi inalindwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na mpangaji wake hafukuzwi bila amri ya jopo linalosikiliza kesi za kodi. Kung'oa mabati au mlango ili mtu ahame si njia halali ya kudai kodi.

Familia na marafiki wamsaidie kulinda kiinua mgongo. Wakora wanajua nani amestaafu. Katika upande huu wa kaunti, mtego mkubwa ni ploti. Mstaafu huonyeshwa shamba, hupewa karatasi yenye muhuri, na hulipa akiba ya maisha yake kwa siku moja. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi si hati miliki. Kabla ya kulipa hata shilingi, rekodi ya ardhi ikaguliwe katika ofisi ya ardhi, majirani wa shamba waulizwe, na wakili asome mkataba. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ni lazima. Mke au mume ajue kila hatua. Mstaafu anayetaka kujenga aanze hata na chumba kimoja cha mabati kwenye ardhi yake halali. Chumba hicho kitamfaa kuliko gari la kutembelea.

Vyama, makanisa na misikiti vimpe mstaafu kazi, visimpe sifa tu. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri na kupewa jukumu huumia sana akiamka asijue aende wapi. Aliyekuwa mweka hazina wa mesi anaweza kushika vitabu vya chama. Aliyekuwa mhandisi anaweza kusimamia ujenzi wa choo cha shule. Mafundi wa magari, umeme, mabomba na uashi waliojifunza jeshini wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA ili wawe na cheti kinachokubalika na waajiri wa viwanda vya Thika. Aliyelemazwa kazini ajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo humfungulia nafasi katika asilimia 30 ya zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Majirani wasimwache mgonjwa mpaka avunje vyombo. Thika Level 5 na hospitali ya Ruiru ni mahali pa kuanzia. Familia ijiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# mapema, kwa kuwa ugonjwa haupigi hodi. Anayezungumza habari za kufa asiachwe peke yake. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Na familia isifiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba.

Sasa upande wa serikali. Kuna watu husema, "Huyo ni wa jeshi, jeshi limshughulikie." Ni kweli kwamba ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa, na pensheni ya mwanajeshi hufuatwa huko. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti huduma za afya, masoko, vyuo vya ufundi vya vijijini na mipango ya maendeleo ikiwemo nyumba. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Aliyevua gwanda na kukaa Makongeni au Kihunguro ni mkazi kama wengine, na ana haki ya kusimama katika kikao cha bajeti na kuuliza habari za kibanda cha soko au daktari wa akili. Wakazi wenzake wamuunge mkono anapouliza.

Kitaifa, ipo Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022. Inamtambua mstaafu, inataka wastaafu waandikishwe, na inaweka utaratibu wa kuwashughulikia wao na wanaowategemea. Sheria hiyo haitamsaidia asiyejulikana aliko. Kipo pia chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA, ambacho mstaafu anaweza kujiunga nacho. Kwa wale wachache waliotumika chini ya Mwingereza kabla ya uhuru, na wajane wao, shirika la Royal Commonwealth Ex-Services League limekuwa likitoa msaada. Mzee aliyefikisha miaka 70 na asiyepokea pensheni anaweza kuandikishwa Inua Jamii, ambayo hutoa Sh2,000 kwa mwezi.

Wajane wasisahaulike. Mara nyingi mume akifa, mke hajui nambari ya jeshi ya mumewe wala mahali cheti kilipo, na madai yake hukwama hapo. Karatasi hizo ziwekwe mahali panapojulikana na watu wawili, mume angali hai.

Baraza hili likiisha, kila mtaa unaweza kufanya jambo moja kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee wa mtaa azungumze na wastaafu anaowajua, na kwa ridhaa yao amfikishie chifu majina ya walio na shida. Mwenyewe aje na kitambulisho, cheti cha utumishi, nambari yake ya jeshi, barua za pensheni alizonazo na vyeti vya hospitali. Aliyepoteza karatasi aje vivyo hivyo, aeleze alitumika kikosi gani na miaka gani, asaidiwe kuandika barua ya kuomba nakala. Na anayeona aibu kuja asindikizwe. Jeshini hakuna anayeachwa nyuma akiwa ameumia. Uraiani pia isiwe hivyo.