MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Mada kuhusu kufuatilia fedha ya matangazo ya mtandaoni, iliyotolewa na Kamati ya Biashara katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Pugu



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuifikia siku ya leo tukiwa wazima. Tunawakumbuka pia wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambao hisa zao za mwanzo zilikuwamo katika sanduku hili. Miaka kumi si mchezo. Vikundi vingi huanza kwa vigelegele vikaishia kwa ugomvi. Sisi bado tupo, na sanduku letu lenye kufuli tatu bado linafunguliwa mbele ya macho ya wote.

Kamati ya Biashara imepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni fedha inayolipia matangazo katika Facebook na Instagram. Wote mnakumbuka mabishano yaliyotokea katika mkutano. Wapo waliosema tuongeze fedha hiyo ili batiki, sabuni na viungo vyetu vijulikane mpaka Mbezi na Kigamboni. Wapo waliosema tuache kabisa, maana tunawatajirisha wazungu. Sisi tunasema hivi: kabla ya kuongeza au kuacha, kwanza tujue fedha inakwenda wapi na inarudi na nini.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LA KILA MWANACHAMA

Ndugu Mgeni Rasmi, fedha ya tangazo haidondoki kutoka juu. Ni hisa za mama anayeamka saa tisa usiku kukanda maandazi. Ni ada ya mtoto, ni kodi ya chumba. Mwanachama akikopa shilingi 50,000 tunaandika jina lake, tarehe, mdhamini, riba na siku ya kurejesha. Sasa tangazo nalo likichukua 50,000, kwa nini lisiwe na ukurasa wake daftarini? Tangazo ni mkopaji kama wakopaji wengine. Tofauti yake ni kwamba halina mdhamini, na halioni haya likishindwa kurejesha.

Mabinti zetu hutuonyesha simu kwa furaha: "Mama, tumepata laiki elfu moja!" Ni jambo jema, hatuwavunji moyo. Lakini bibi mmoja kati yetu aliuliza kikaoni: "Hao elfu moja wamenunua nini?" Watu walicheka, ila swali lile ndilo kiini cha mada hii.

2. HATUA NNE ZA MTEJA

Mtu anayekuja kununua kupitia tangazo hupita hatua nne: analiona, analibofya, anauliza bei, analipa. Laiki haimo hata katika moja ya hatua hizo. Ni kama mtu anayepita mbele ya genge akasema "nyanya zako nzuri, mama", kisha akaendelea na safari yake.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao ni wa kujifunzia tu. Tuseme tumelipia matangazo mawili ya batiki, kila moja 30,000, na kila kitambaa kinatuachia faida ya 4,000.

Tangazo la kwanza limeonwa na watu 12,000, wamebofya 240, wameuliza 18, wamenunua 6. Faida ni 24,000. Toa 30,000 ya tangazo, tumepata hasara ya 6,000.

Tangazo la pili limeonwa na watu 3,000 tu, wamebofya 90, wameuliza 25, wamenunua 15. Faida ni 60,000. Toa 30,000, imebaki 30,000 mkononi.

Anayetazama idadi ya walioona atalisifu la kwanza na kuliongezea fedha. Anayefuata mpaka hatua ya kulipa atalisimamisha siku hiyo hiyo. Ndiyo maana tunasema akaunti ya matangazo isiachwe peke yake. Iunganishwe na chombo cha kupimia, nacho chombo kiunganishwe na daftari letu.

3. JINSI YA KUUNGANISHA

Chombo kinachotumiwa sana ni Google Analytics. Kwa matumizi ya kawaida hakina malipo. Toleo la zamani liliacha kupokea takwimu mpya za tovuti za kawaida tarehe 1 Julai 2023, na linalotumika sasa ni toleo la nne. Chombo hiki hupima tovuti au programu ya simu. Hakiingii ndani ya ukurasa wa Instagram kuhesabu wanaotazama picha zetu. Kwa hiyo lazima tangazo limpeleke mtu kwenye ukurasa wetu wenyewe, hata ukiwa ukurasa mmoja wenye picha, bei na kitufe cha WhatsApp.

Akaunti ya matangazo ya Google huunganishwa na chombo hicho moja kwa moja. Kwa matangazo ya Facebook, Instagram au TikTok, njia rahisi isiyo na gharama ni kutia alama kwenye kiungo cha tangazo. Sisi wa Pugu tusishindwe kulielewa hili, maana tuna mnada. Ng'ombe wanafika kutoka bara kwa mamia, wote wana pembe na mkia, lakini mwenye mali anamjua wake kwa chapa. Kiungo cha tangazo nacho kinapigwa chapa.

Chapa hizo huitwa UTM. Herufi hizo zilitokana na jina la Urchin, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa na Google mwaka 2005. Zile za lazima kwetu ni tatu. Ya kwanza ni utm_source, yaani mtu katoka wapi, kwa mfano facebook au instagram. Ya pili ni utm_medium, yaani kwa njia gani, kwa mfano tangazo la kulipia. Ya tatu ni utm_campaign, yaani kwa tangazo lipi, kwa mfano batiki-idi au sabuni-shule. Mtu akibofya, chapa inaingia naye, na chombo kinaandika.

Hapo pana tahadhari ndogo. Chombo hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukiandika "Facebook" leo na "facebook" kesho, kitahesabu kama sehemu mbili. Tukubaliane kuandika herufi ndogo tupu, bila nafasi kati ya maneno. Na anayelipia tangazo kwa kitufe cha haraka kwenye simu, kile ambacho vijana wanasema "kubusti", ahakikishe amebandika kiungo chenye chapa, siyo kiungo kitupu.

Kisha tukielekeze chombo kwamba mtu akibofya kitufe cha WhatsApp, hilo ni tukio muhimu na lihesabiwe. Kutazama picha si tukio muhimu kwetu. Kuuliza bei ndilo tukio.

Je, kwa mwanachama mwenye biashara yake ndogo asiye na tovuti? Naye asikate tamaa. Tangazo la Facebook linaweza kumpeleka mteja WhatsApp moja kwa moja, na ujumbe wa kwanza ukawa umeshaandikwa kwa ajili yake. Kila tangazo lipewe ujumbe wake: moja liseme "Naulizia batiki ya bluu", jingine "Naulizia batiki ya Idi". Ujumbe ukiingia, mara moja unajua ni tangazo gani limemleta. Halafu WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, ina lebo za rangi. Mteja aliyeuliza mpe rangi yake, aliyelipa mpe nyingine. Jioni hesabu rangi, andika daftarini.

Ndugu wanachama, hatua ya nne, ile ya kulipa, huku kwetu haionekani na chombo chochote cha mbali. Mteja anatuma kwa M-Pesa au Airtel Money, au anakuja na noti mkononi. Ni sisi tu tunaojua kwamba amelipa. Kwa hiyo usione aibu kumwuliza: "Dada, umetusikia wapi?" Swali hilo halihitaji bando, na linafunga mnyororo wote.

4. HESABU ZIKIPISHANA

Watu wengi hushtuka wakikuta Facebook inasema wateja 20 na Google Analytics inasema 11, wakadhani wameibiwa. Siyo lazima iwe wizi. Kwa utaratibu wake wa kawaida, Facebook hujihesabia mteja aliyebofya tangazo ndani ya siku saba, na hata aliyeliona tu bila kubofya, akanunua ndani ya siku moja. Google Analytics yenyewe humwandika mtu kwa mlango aliouingilia. Tena, tangu Aprili 2021 simu za iPhone humwuliza mwenyewe kama anakubali kufuatiliwa kutoka programu moja hadi nyingine. Akikataa, sehemu ya habari zake haifiki.

Ni kama mgonjwa aliyekunywa dawa za waganga wawili. Akipona, kila mganga anadai ni yeye aliyemponya. Ukijumlisha madai yao utapata wagonjwa wawili, na kumbe mtu ni mmoja. Basi tusijumlishe. Tuchague kipimo kimoja, tukitumie kila wiki, tuone kama kinapanda au kinashuka. Neno la mwisho ni la daftari la mauzo, kwa sababu lenyewe linahesabu shilingi zilizoingia.

Vipo pia vyombo vya kulipia vinavyokusanya takwimu za akaunti zote na kuzipanga mahali pamoja. Vingi hutoza kwa dola kila mwezi. Kwa ukubwa wetu wa sasa, daftari la mistari na saa moja ya Jumamosi vinatosha.

5. KUFULI TATU

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na tunaomba wenzetu wasikilize kwa makini.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama kilichompa kijana kazi ya matangazo. Kijana akafungua kila kitu kwa barua pepe yake na namba yake ya simu: ukurasa, akaunti ya matangazo, chombo cha kupimia. Walipokosana, aliondoka na vyote. Hakuvunja mlango wala hakuchukua noti hata moja, lakini miaka ya wateja ilikwenda naye, na akina mama wakaanza upya kama watoto wachanga.

Sanduku letu halifunguliwi na mtu mmoja. Kwa nini akaunti ifunguliwe na mtu mmoja? Facebook inaruhusu kuweka ukurasa na akaunti ya matangazo chini ya jina la biashara, kisha kila mtu akapewa ruhusa ya kiasi chake: mwingine ya kutawala yote, mwingine ya kazi fulani tu. Google Analytics nayo ina madaraja, kuanzia msimamizi mkuu hadi mtazamaji asiyeweza kubadili kitu. Kijana apewe ruhusa ya kazi yake. Kazi ikiisha, ruhusa inaondolewa, na tunaagana kwa amani. Tena akaunti ya matangazo ina mahali pa kuweka ukomo wa matumizi. Ukifika, matangazo yanasimama yenyewe.

Jambo la mwisho hapa ni majina na namba za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Sheria inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume. Namba ya mteja si mali ya kugawiana. Tusiipandishe kwenye akaunti ya matangazo wala kumpa mfanyabiashara mwingine bila idhini ya mwenyewe. Mteja aliyetuamini kwa kitambaa cha batiki asije akasumbuliwa na watu asiowajua kwa sababu yetu.

6. MAPENDEKEZO

Kamati inaomba mkutano ukubali mambo yafuatayo:

(a) Kila tangazo lifunguliwe ukurasa wake daftarini: tarehe, jina la tangazo, fedha iliyotoka, waliobofya, waliouliza, waliolipa, faida au hasara.

(b) Kiungo chochote kisichokuwa na chapa kisilipiwe.

(c) Tangazo jipya lianze kwa fedha ndogo kwa siku saba. Likirejesha, liongezewe. Lisiporejesha, lisimamishwe bila kuoneana haya.

(d) Akaunti zote ziwe katika barua pepe ya kikundi, na wenye ruhusa kamili wawe watatu, kama washika funguo.

(e) Mama Mweka Hazina asome ukurasa wa matangazo katika kila mkutano, kama anavyosoma mikopo.

(f) Mabinti wawili wafundishwe kazi hii, nao wawafundishe mama zao, ili elimu isikae kichwani mwa mtu mmoja.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuja hapa kuisifu mitandao wala kuitukana. Tumeishi miaka kumi kwa sababu kila shilingi iliyoingia na kutoka iliandikwa, ikasomwa kwa sauti, na kila mmoja akaisikia, hata yule asiyejua kusoma. Tangazo la Instagram lisije likawa tundu la kwanza chini ya sanduku. Likiandikwa, litakuwa mtumishi wetu. Lisipoandikwa, ndiyo hayo waliyosema wazee: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunawashukuru wote mliotuunga mkono, majirani, viongozi wa mtaa, na waume zetu waliovumilia vikao vya Jumamosi. Mungu akijalia, tukutane tena katika miaka ishirini, na daftari la matangazo liwe mezani pamoja na mengine.