Hesabu ya Mtoto Anayekwenda Kusoma Mbali

(Hotuba iliyosomwa Buyenzi, Bujumbura, mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha chama chetu.)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Bwana Mwenyekiti, masheikh zangu, wazee wangu, mama zetu na dada zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti:

Ama baada ya kumshukuru Mola na kumtakia rehema na amani Mtume wetu, nimeamrishwa na Mwenyekiti niseme habari ya vijana wetu wanaotaka kwenda ng'ambo kusoma katika vyuo vikuu, na jinsi ya kupata fedha za kuwasomesha. Nilipoambiwa nilicheka. Mimi nimesoma chuo kidogo, kile cha mkeka na ubao, kisha madarasa ya msingi, basi. Chuo kikuu nimekiona kwa nje. Lakini Mwenyekiti akanijibu, "Wewe umeshika sanduku la chama miaka mingi, na umeuza vitenge maisha yako yote. Wenye shahada watatueleza masomo. Wewe tueleze hesabu." Nikanyamaza, maana nilijua kuwa hesabu ndipo tulipoangukia.

Wengi wenu mnakumbuka kijana wetu aliyekwenda Asia miaka zaidi ya kumi iliyopita. Barua yake ya kukubaliwa ilisomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, watu wakatoa takbiri. Barua ilisema kwamba hatalipa karo. Sisi tukasikia "hatalipa", tukadhani yamekwisha. Tukachanga nauli ya ndege, tukamnunulia koti na sanduku, tukachinja mbuzi, tukapiga dufu, tukamsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa magari kumi na mawili. Mwezi wa nne akaandika kwamba halipi kodi ya chumba na anakula mara moja kwa siku. Nikafungua sanduku la chama. Ndani mlikuwamo fedha za kununulia taa za msikiti na jamvi. Tukatuma kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha tukawa hatupokei simu zake. Alirudi kabla mwaka haujatimia. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na daftari la sherehe ile ninalo hata leo: chakula cha siku moja ya kumwaga kilizidi chakula chake cha miezi mitatu huko alikokwenda.

Kijana huyo sasa ni mtu mzima, ni mwanachama mwenzetu, na yumo humu ukumbini. Ndiye aliyenipa ruhusa nimtaje bila jina, na ndiye aliyenisomea makaratasi yote niliyoyatumia kuandika maneno haya, kwa kuwa mengi yako katika lugha nisizozijua. Mungu amlipe.

Basi jambo la kwanza, ndugu zangu, karo siyo gharama yote, na mara nyingi siyo gharama kubwa. Tazameni Ujerumani. Vyuo vikuu vya serikali huko, vingi havitozi karo hata kwa mgeni, isipokuwa katika jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu mwaka 2017 humtoza mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Kijana akisikia habari hiyo huruka kwa furaha. Lakini mwenye kuomba viza hutakiwa kuonyesha kwamba anayo riziki ya mwaka mzima, na wengi huionyesha kwa kuiweka katika akaunti iliyofungwa, ambayo humruhusu kuchukua sehemu yake kila mwezi tu. Kiasi hicho, tangu Septemba 2024, ni euro 11,904, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Ni nani kati yetu anazo euro 11,904 mkononi siku moja? Chuo cha bure kimekuwa ghali kuliko duka langu.

Kabla hata ya safari, ziko gharama ambazo hakuna anayeziandika. Pasi ya kusafiria. Kutafsiriwa kwa diploma na hati ya kuzaliwa, na kupigwa muhuri. Uchunguzi wa hospitali. Mtihani wa lugha, ambao peke yake waweza kula mshahara wa mwalimu wa miezi. Kisha baadhi ya balozi hazipo kwetu, na kijana hulazimika kupanda basi hadi nchi jirani, alale huko, na pengine arudi tena kwa karatasi moja iliyopungua. Fedha hizi hazirudi hata akinyimwa viza. Mzazi ambaye hakuziweka hujikuta amemaliza akiba yake mtoto angali yupo nyumbani.

Na jambo la pili, ambalo mimi mfanyabiashara lanikera kuliko yote, ni kupanga kwa faranga deni linalolipwa kwa dola. Mwezi wa Mei mwaka 2023 Benki Kuu yetu iliishusha thamani ya faranga. Dola iliyokuwa kama faranga 2,100 ikawa kama 2,800, na hiyo ndiyo bei ya benki, siyo ile ya barabarani, ambayo ilikuwa juu zaidi. Mzazi aliyeweka faranga 2,100,000 kwa ajili ya karo ya dola 1,000 alilala akiwa nayo kamili, akaamka amepungukiwa na faranga 700,000, wala hakuna aliyemwibia. Kwa sababu hiyo, mwenye mtoto nje na aandike hesabu yake katika fedha ya nchi anayosoma, na kila akiiona akiba yake ajiulize ni miezi mingapi ya chakula huko, siyo ni mamilioni mangapi hapa. Na asiandike hesabu iliyobana sawasawa. Aongeze juu yake.

Wengine watasema, mimi akiba yangu naiweka katika mali. Mali ni nzuri. Lakini soko letu kuu liliungua mwezi wa Januari 2013, na humo waliungua wazazi ambao karo za watoto wao zilikuwa ndani ya marobota. Nami nilikuwamo. Nabii Yusufu alayhi ssalam alipowapangia watu wa Misri miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa, aliwaambia waiache nafaka katika masuke yake. Mimi nilikuwa nikikisoma kisa hicho tangu utotoni bila kufikiri masuke ni ya nini. Sasa nafahamu kwamba hata namna ya kuhifadhi ni sehemu ya hesabu.

Na dharura haina adabu, haipigi hodi. Wako Waislamu wengi wa Afrika waliokuwa wakisoma Khartoum, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika na kwingineko. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikazuka mjini, na wanafunzi wa nchi nyingi wakatoka huko kwa mabasi na kwa miguu. Aliyekuwa na nauli ya kurudi mfukoni alitofautiana sana na asiyekuwa nayo. Tangu hapo nimewaambia wazazi: nauli ya kurudi iwekwe siku ile ile inayonunuliwa ya kwendea, isiguswe hata kwa njaa.

Sasa, fedha zenyewe zatoka wapi?

Kusomesha wageni si jambo geni katika Uislamu. Al-Azhar ya Misri ilikuwa na riwaqi zake, kila kabila la wanafunzi na riwaqi yao, wakila mkate wa wakfu. Mpaka leo Al-Azhar hutoa nafasi kwa wageni, na tangu sheria ya mwaka 1961 ina vitivo vya udaktari na uhandisi pia. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 1961, nacho huwapa wanafunzi wake makazi na posho. Lakini angalieni cheti. Cheti cha madrasa zetu kisipotambuliwa huko, kijana wa miaka ishirini huketishwa tena katika darasa la sekondari, na miaka miwili mitatu huongezeka ambayo hakuna mtu aliyeipigia hesabu. Ulizeni habari ya cheti kabla ya kuuliza habari ya ndege.

Serikali ya Uturuki hutoa msaada wa masomo ambao, kwa maoni yangu, ndio ulio kamili zaidi katika hiyo niliyosomewa: karo, makazi, posho ya mwezi, bima ya afya, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na tikiti ya kwenda na ya kurudi. Maombi yake ya kila mwaka kwa kawaida huanza tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari, wala hayalipiwi hata senti. Lakini anayeomba shahada ya kwanza awe hajafika miaka 21. Hapo ndipo vijana wetu wengi huachwa. Tumewachelewesha kuanza skuli, tumewatoa mwaka mmoja wakauze dukani, wamerudia madarasa. Diploma inapopatikana wana miaka ishirini na mbili, na mlango umefungwa kwa sababu ya mambo yaliyofanywa wakiwa na miaka saba. Moroko nayo hupokea Waafrika wengi, na kwa kuwa sisi tumesoma Kifaransa hiyo ni nafuu. Ila maombi hupitia serikalini kwetu, na posho yake ni ndogo, haimtoshi kijana kodi na chakula katika mji mkubwa. Mzazi awe tayari kujazia.

Wala tusidharau jirani. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, kimekuwapo tangu mwaka 1988. Huko mtu hufika kwa basi.

Nawaonya pia juu ya madalali. Wako watu mjini wanaouza "nafasi" na "viza", wanataka dola mia tano za kufungulia jalada. Mlango ambao mwenyewe ameufungua bure, mtu wa kati anakuuzia ufunguo wake! Msiwape. Apatikane kijana mmoja mwenye kujua mtandao, akae katika ofisi ya chama kila Jumamosi, awasaidie wenzake kujaza maombi. Hilo halihitaji mfadhili.

Lililobaki ni juu yetu wenyewe. Mwaka 1959, ndege ya kwanza iliyowachukua wanafunzi wa Kenya kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, ilibeba vijana 81. Wafadhili wa Marekani walilipa ndege, vyuo vikatoa nafasi. Lakini fedha za matumizi zilitafutwa na jamaa na vijiji vyao, kwa michango midogo midogo. Walikuwa watu maskini kuliko sisi.

Baadhi ya ndugu wameniuliza habari ya zaka. Mafakihi wetu wa Kishafi wamesema kwamba aliyeshughulika na kutafuta elimu ya sheria, hata kama ana uwezo wa kuchuma, aweza kupewa zaka ikiwa kuchuma kutamkatiza. Ama anayesoma uhandisi au uuguzi, yeye mtazameni kama mnavyomtazama mtu mwingine: akiwa fakiri, atapewa kwa ufakiri wake. Lakini mtoto wa mwenye maduka mawili asijisogeze kwenye zaka kwa kuwa tu anakwenda mbali. Na mkopo wa riba, hilo sitalirefusha. Mnajua hukumu yake, na mnajua pia nyumba zilizouzwa hapa mtaani kwa ajili yake.

Njia ninayoipendekeza ni karadha njema, na si buni yangu. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, iliyoko Jeddah, tangu mwaka 1983 imeendesha msaada wa masomo kwa jamaa za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, nasi tumo katika hizo. Ajabu ya mpango ule ni hii: fedha kwa mwanafunzi ni mkopo usio na riba, lakini kwa jamaa yake ni zawadi. Akimaliza na kupata kazi, hairudishii benki. Huzirudisha katika mfuko wa Waislamu wa nchi yake, ili zimsomeshe mwingine. Nilipoelezwa hilo sikulala vizuri, nikifikiri fedha zote tulizokwisha kuchanga ambazo ziliondoka na ndege na hazikurudi.

Sisi tunajua upatu. Ndugu zetu wa Kongo huuita likelemba. Mama zetu huendesha upatu wa miaka mingi bila karani wala mlinzi, na hakuna anayekimbia na zamu yake. Basi nasema mfuko wa masomo uwe mbali na sanduku la msikiti, uwe na daftari lake, na funguo zake zishikwe na watu watatu, mmoja wao awe mama. Asifadhiliwe mtu kabla hesabu ya miaka yake yote haijaandikwa na kusomwa mbele ya kamati. Na akikubaliwa, apelekewe fungu lake kila mwezi, asipewe lote siku ya sherehe. Najua wako watakaosema huku ni kumdhania mtu vibaya. Mimi nasema ni kumrahisishia.

Nimefika mwisho. Upande wa pili wa pazia yuko binti yetu, yatima wa baba, aliyekubaliwa kusomea uuguzi katika nchi jirani. Hesabu yake tumeiandika, mimi na yule ndugu niliyemtaja: miaka yote, pamoja na vitabu, sare, bima, na nauli ya kurudi. Mama yake na wajomba zake wamepata theluthi mbili. Inayobaki ni theluthi moja, na siku ya mwisho ya kulipa muhula wa kwanza ni mwisho wa mwezi huu. Kamati imekubali kwamba mwaka huu hatutachinja ng'ombe wa sherehe. Bei yake imekwisha kuandikwa katika mstari wa kwanza wa daftari jipya. Daftari hilo liko mezani, karibu na mlango, pamoja na kalamu. Chai itakuwapo, na mandazi.