Mwenye Kunadi Dawa na Ainywe Kwanza



Kila mwenye duka ajua kwamba bidhaa njema haijiuzi kwa wema wake peke yake. Mnunuzi hutazama bei, na umbali wa duka, na hulisikiliza neno la jirani yake. Katika mwaka 1971 wataalamu wawili wa Marekani, Philip Kotler na Gerald Zaltman, waliandika kwamba ujuzi huo wa sokoni waweza kueneza mambo yenye manufaa kwa watu. Elimu hiyo, iitwayo masoko ya kijamii, leo hufundishwa watumishi wa afya katika nchi nyingi. Na bei katika elimu hiyo si fedha tu: taabu ni bei, haya ni bei, na hofu ya kuchekwa ni bei.

Mfano wake mwema watoka Bangladesh. Mwaka 1968, mjini Dhaka, uliokuwa wakati huo katika Pakistani ya Mashariki, waganga walithibitisha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aweza kurudishiwa maji mwilini kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Lakini dawa kujulikana na waganga si kumfikia mama aliye kijijini huku mtoto wake anakauka. Basi kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC lilipeleka wanawake waliofunzwa, nyumba kwa nyumba, wawafundishe akina mama kuichanganya kwa chumvi na sukari guru, vitu vya jikoni. Ujira wao ulifuata yale waliyoyakumbuka akina mama walipoulizwa baadaye.

Akina mama walikumbuka, lakini wengi hawakuitumia. Ilipochunguzwa, sababu mbili zilidhihirika. Kwanza, baadhi ya wafundishaji wenyewe, walipoharisha, walikimbilia vidonge, walinadi wasichokiamini. Pili, waume hawakuambiwa neno. Hapo mafunzo yakageuzwa. Wafundishaji wakaelezwa namna maji yale yafanyavyo kazi mwilini, wakaagizwa wayanywe mbele ya akina mama. Na wanaume wakapelekewa habari misikitini na sokoni. Matumizi yakaongezeka. Kazi hiyo ilipokwisha mwaka 1990, nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Siku hizi pakiti zilizopimwa tayari zapatikana, nazo ndizo bora. Lakini pakiti iliyo rafuni haimponyi mtoto. Kabla ya kumlaumu mama kuwa hasikii, mtumishi wa afya na ajiulize: je, amemwuliza mama huyo limzuialo nini? Je, mumewe ameelezwa? Na nyumbani kwake mwenyewe, mwanawe aharishapo, humpa nini?

Mwenye kuyajibu hayo kwa kweli amekwisha anza kufuzu.